Nyiragongo 2021: mlima haukuonya au sisi ndo hatukusikia?

Kila ukitajwa mlipuko wa Nyiragongo, ile volkano iliyo juu ya mji wa Goma mashariki mwa Kongo, wa tarehe 22 Mei 2021, swali ni lilelile, mitambo ya kupima mitetemeko ilikua inafanya nini mpaka Jumamosi jioni watu wa Goma wanashtukia tu mbingu nyekundu? Jibu la haraka ni hela. Na kweli ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha volkano cha Goma ulikatika 2020, ikafika mahali data za mlimani hazifiki mjini sababu intaneti haijalipiwa. Aibu, sibishi.

Ila wanasayansi walivyokuja kuzichambua rekodi zilizokuwepo, ishara ya wazi kabisa ilianza kama dakika 40 kabla ya lava kutoka. Dakika 40! Shida ni kwamba mtambo wa mitetemeko unasikia mwamba ukipasuka, sasa pale magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado uko ndani, ilishapanda siku nyingi, juu kuna ziwa la lava linachemka, ni kama sufuria imejaa mpaka mdomoni halafu ubavu ndo unachanika. Hakukua na kitu cha kusukuma kutoka chini, kwahiyo ardhi ilikaa kimya. Mlipuko wa 2002 ulikua tofauti, mitetemeko ilitangulia mapema.

Ndo maana wengine wanasema tuongeze infrasaundi, yaani mlio wa chini ya hezi 20 ambao sikio halisikii lakini maikrofoni maalum inaudaka, mapovu ya gesi yakipasuka kwenye ziwa la lava unajua hata usiku, hata mawingu yakifunika kilele. Nakubali, lakini upepo tu unaichafua, na cha chini ya ardhi haikuambii chochote.

Na cha chini ndo kilitisha baadae. Baada ya lava kusimama nje kidogo ya mji, mitetemeko ilionyesha magma inapita chini ya Goma kuelekea Ziwa Kivu, na lile ziwa lina methani na kaboni dayoksaidi kibao, gesi ambazo zikifumuka zinaweza kuua watu. Tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama, watu laki kadhaa wakatoka na magodoro kichwani, wengine mji jirani wa Sake, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na mlipuko wa pili haukuja. Mpaka leo wapo wanaosema walisumbuliwa bure, na aliyelala nje na watoto Sake bila maji simlaumu, ila mimi ningekua na ile michoro ya mitetemeko mezani ningewatoa vilevile.