Mmeshapata kila kitu? Kibanja mbona hatujapata

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la familia kaka mmoja kaandika eti wanawake wa Tanzania mmeshapata kila kitu, Rais mwanamke, Maspika wanawake mmeshatoa wawili, sasa mnataka nini tena. Wenzake wakajaza dole gumba hapo chini. Imenikaa rohoni toka siku hiyo.

Yapo tuliyopata, siyakatai. Likizo ya uzazi siku 84 iko kwenye sheria, na Novemba 2021 mabinti waliojifungua wakaruhusiwa kurudi shule, jambo lililochelewa sana. Ila niambieni, hilo shamba mnalokula lina jina la nani?

Kwetu ni Muleba, Kagera. Mamdogo wangu alipoolewa alikuta kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kimechoka, yeye ndo alibeba nyasi kichwani kutandaza kwenye migomba, yeye ndo alichuma buni na kuanika, mumewe yuko mjini miaka na miaka, na ada za watoto zikalipwa na kahawa ile. Mume alipofariki, siku ya kumaliza matanga mashemeji wakakaa chini ya mti na daftari, wanaandika mbuzi, baiskeli, mabati, kibanja, na anayewapelekea chai ni mamdogo huyo huyo. Hakuna aliyemuuliza neno. Mwisho akaambiwa ataendelea kukaa pale maadamu watoto wapo, naye akawajibu ahsanteni. Chakula cha siku ile kilinishinda.

Na msidhani wale wazee walijitungia. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lile lililoweka kwenye maandishi mila za urithi za makabila yanayofuata upande wa baba, linasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha watu wa ukoo wake, fungu lake ni kutunzwa na wanawe kama yeye alivyowatunza. 1963! Bibi Titi Mohamed kazunguka nchi akiwaita kina mama waingie TANU, wakaingia kwa maelfu, uhuru ukaja 1961, halafu miaka miwili tu baadaye wanawake wanaandikiwa maneno hayo. Inaniuma kila nikiyasoma.

Kuna aliyepambana akashinda, tena wa huko huko kwetu, Holaria Pastory. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, umri ukaenda, hana wa kumtunza, 1988 akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akakimbilia mahakama ya mwanzo kwamba mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza, na mahakama ikamkubalia. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema wazi kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, mwanamke auze kwa masharti yale yale ya mwanaume. Ukisikia mwanamke jasiri ndo huyo.

Basi ungedhani yameisha. Wajane wawili, waume zao wamekufa, wametolewa majumbani na watoto wadogo, wakaenda Mahakama Kuu kuipinga ile sheria ya 1963. Mwaka 2006 wakajibiwa kwamba ni kweli inabagua, lakini mahakama haitaifuta. Mtu anakubali kabisa kwamba umeonewa halafu anakwambia rudi nyumbani, nyumbani wapi sasa wakati ndo ulikofukuzwa? Rufaa nayo ikaishia kwenye mambo ya kiufundi. Mpaka 2015 ndo Kamati ya Umoja wa Mataifa ikasema Tanzania imevunja haki zao. Watoto waliotolewa nao wakiwa wadogo walikuwa wameshakuwa watu wazima.

Mabinti kuolewa na miaka 15 nayo ni hivyo hivyo, Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba ni kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufani ikasema tena 2019, nitaliandikia siku yake. Na hiyo Sheria ya Ardhi ya 1999 inayosema mwanamke ana haki sawa ya kumiliki ni nzuri, ila kwenye kikao cha ukoo hakuna anayeifungua.

Baba zetu mlio hai, andikeni wosia sasa hivi mbele ya mashahidi, msiuachie ukoo kazi ya kuamua nani alilima. Na kina dada mnaopimiwa mashamba vijijini, hati ya kimila inaruhusu majina mawili, msiondoke ofisi ya kijiji mpaka lenu limeandikwa.