Kuishi Bila Ngano Katika Nchi ya Uwele

Mtu wa Dodoma akiambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa siliaki na asile tena ngano maisha yake yote, watu humpa pole kana kwamba amefungiwa ghala la chakula. Pole hizo nimezipokea nyingi, na ninawashukuru walionipa, lakini sidhani kama ninazistahili. Ghala la Mgogo halikuwa na ngano tangu zamani. Katika mkoa huu, ambao mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 700 kwa mwaka, waliotulea walitulea kwa uwele na mtama, na nafaka hizo mbili hazina hata chembe ya gluteni, ile protini ya ngano inayotudhuru. Kwa hiyo mgonjwa wa huku hakosi cha kula. Kinachomsumbua ni kutojua kilichochanganywa ndani ya anachokula, kwa sababu ngano imejipenyeza kwenye vyakula vyetu na hakuna anayeona haja ya kuitaja.

Ugonjwa wenyewe unachanganywa sana na mingine, hivyo ni vyema nikaueleza. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, nayo ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Wapo watu wenye mzio wa ngano: hao wakila kipande cha mkate, ndani ya dakika chache au saa moja mbili, hutokwa na vipele, huvimba midomo, wengine hubanwa na pumzi, na wasipowahishwa hospitali wanaweza kupoteza maisha. Siliaki, ugonjwa nilio nao mimi, si mzio. Hapa ni kinga ya mwili yenyewe, ikichochewa na gluteni, inayoushambulia utumbo mwembamba na kuviharibu vinyweleo vinavyofyonza virutubisho, hata mtu akawa anakula na kushiba huku mwili wake ukidhoofika. Damu hupungua na vidonge vya madini ya chuma havisaidii, tumbo hujaa gesi, wengine huharisha miezi na miezi, wengine hufunga choo, na watoto hudumaa. Duniani hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 100 hivi anao. Zamani ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa Wazungu, mpaka watafiti walipowapima watoto wa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika, wakakuta wenye ugonjwa huo ni zaidi ya watano katika kila mia.

Aliyeigundua ngano kuwa ndiyo mkosaji ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akiishuku tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini njaa iliyoikumba nchi yake katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, mikate ilipoadimika, ilimthibitishia: watoto wenye siliaki walipata nafuu wakati watu wengine wakikonda, na mkate uliporudi mezani, maradhi nayo yakarudi. Aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Kila ninapoisoma habari hiyo huwaza kwamba tiba aliyoihangaikia miaka yote ile, bibi yangu kule Mpwapwa alikuwa akiisonga jikoni kila jioni.

Huku kwetu tumbo likiuma muda mrefu, majina yanayotajwa ni yale yale: amiba, taifodi, minyoo, vidonda vya tumbo. Nilitibiwa yote hayo kwa zamu, wala sishangai sana, kwa kuwa ndiyo yanayoonekana kila siku na daktari hawezi kupima ugonjwa ambao haujamjia akilini. Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachotafuta kingamwili za ugonjwa huu. Kisha hupitishwa kamera kinywani hadi kwenye utumbo mwembamba na kuchukuliwa kinyama cha kuchunguzwa maabara. Anayejishuku ana siliaki asiache ngano kabla ya kupimwa. Akishaiacha kwa muda, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na majibu yanaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa ilhali anao. Wapo pia wanaoacha mkate kwa sababu wamemwona mtu kwenye simu akidai umempunguzia kitambi. Hiyo ni hiari yao, ingawa wanatufanya sisi wagonjwa tuonekane tunafuata fasheni.

Tuje kwenye chakula. Ugali wa uwele kwa mlenda mkavu, uliotiwa magadi kidogo na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa, na bakuli la maziwa ya mgando pembeni, ni mlo kamili ambao hauhitaji kutafutiwa mbadala. Mchele tunao wa Bahi, mahindi yamejaa Kibaigwa, viazi vitamu, mihogo na ndizi vinapatikana soko la Majengo. Uwele una madini ya chuma mengi kuliko mchele mweupe na sembe, jambo ambalo mtu aliyepungukiwa damu hapaswi kulidharau. Hata yale maziwa yana sababu yake: utumbo ulioumizwa na siliaki mara nyingi hushindwa kwa muda kumeng'enya sukari ya maziwa, na maziwa yaliyoganda huwa na sukari hiyo kidogo kuliko yale ambayo hayajaganda. Kitu kimoja tu ndicho cha kuangalia. Anayeacha ngano asihamie kwenye mahindi na karanga peke yake, kwa maana hivyo ndivyo vinavyoshikwa zaidi na sumukuvu, na mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Achanganye nafaka, na anunue zilizokauka vizuri.

Ukitaka kujua kwa nini basi watu huona kuacha ngano ni adhabu, tazama heshima tunazovipa vyakula. Mgeni akija anapikiwa wali na chapati. Ugali wa uwele ni wa wenyeji na wa mwaka wa njaa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini Serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016, mji ulijaa ofisi, na kila ofisi ikaja na chai yake ya saa nne: supu na chapati, maandazi, sambusa. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi. Ulipita, na migahawa ninayoipita mimi kwenda kazini haikubadilisha hata sahani moja. Nisingependa kumlaumu mwenye mgahawa, maana yeye huuza kinachonunuliwa, lakini ni kichekesho kwamba katika mji uliozungukwa na mashamba ya uwele, mtu asiyekula ngano ndiye anayeonekana wa ajabu.

Uwele huwa salama shambani na gunia likafika nyumbani likiwa salama. Unakochafuliwa ni mashineni. Mashine zetu nyingi za mtaani ni za nyundo. Nafaka humiminwa juu, nyundo huiponda mpaka ipenye kwenye chekeche, kisha unga hupulizwa kupitia bomba hadi kwenye mfuko mrefu wa kitambaa, nao hutoka kwa chini ukikingwa kwa ndoo. Mfuko ule haukung'utwi kati ya mteja mmoja na mwingine, na kwenye kona za ndani unabaki unga wa aliyekutangulia. Kama aliyekutangulia alisaga ngano, unaondoka na ngano yake. Kwa mtu mwingine si kitu, lakini kwa mwenye siliaki, miligramu 50 tu za gluteni, zikiliwa kila siku, zimeonekana kuudhuru utumbo, ilhali kipande kimoja cha mkate kina zaidi ya gramu nzima. Ndiyo maana mimi hufika mashineni asubuhi, kabla foleni haijaanza, nikiwa na uwele wangu na mahindi kidogo ya kutangulizwa.

"Kaka, jana jioni mlimalizia na nini?"

"Lishe, mama."

Hapo mahindi yale hupita kwanza, unga wake nikawapelekea kuku, ndipo uwele unafuata. Kijana wa mashine mwanzoni alidhani nina masharti ya mganga, akawa ananihudumia kwa heshima ya woga. Nilipomweleza kwamba ni tumbo tu, heshima ilipungua kidogo, lakini sasa yeye mwenyewe huniambia nisubiri au nirudi kesho.

Hiyo lishe aliyoitaja ndiyo inayonikosesha raha kuliko vyote. Unga wa lishe ni chakula cha kwanza cha watoto wengi wa mkoa huu, tena ni wazo jema: mahindi, ulezi, soya na karanga katika uji mmoja. Lakini wauzaji wengi huongeza ngano, kwa imani kwamba nafaka zikiwa nyingi ndivyo nguvu inavyozidi, na mifuko mingi ninayoiona sokoni imefungwa kwa mkono bila andiko lolote, au imeandikwa kwamba ndani mna nafaka kadhaa bila kuzitaja. Fikiria mtoto aliyezaliwa na maelekeo ya siliaki, ambaye ameanza kupewa uji huo. Anaanza kuharisha, uzito unashuka, mama anamkimbiza kliniki, na kwa kuwa dalili zake ni za utapiamlo, anashauriwa amzidishie lishe. Mama anatii, tena kwa kujinyima. Sisemi kwamba watoto wa namna hiyo ni wengi, ila ninasema kwamba kwa mifuko isiyo na maandishi hakuna mama wala muuguzi atakayeuona uhusiano huo.

Kwenye kula nje sina mengi. Wali na maharage kwa mama lishe huwa salama, mradi nimemuuliza kama mchuzi hakuuongezea uzito kwa unga. Chipsi huniponza kwa sababu mafuta yaliyokaanga sambusa na maandazi ndiyo hayo hayo. Kachori huchovywa kwenye unga wa ngano. Na mishkaki inaweza kuwa imelazwa kwenye soya sosi, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Bia za kawaida ni za shayiri. Mvinyo wa zabibu zetu hauna neno.

Kazi kubwa zaidi ni ya ndugu. Shangazi yangu, mwanamke mkarimu kupita kiasi, hajakubali hadi leo kwamba andazi moja linaweza kuniumiza. "Mwanangu, fanya ishara ya msalaba, ule," huniambia mbele ya watu, nami hubaki nikitafuta namna ya kukataa bila kumvunjia heshima. Nimegundua kwamba neno "mzio" analielewa kuliko "siliaki", basi mbele yake nina mzio, japokuwa si kweli.

Na kwa kuwa ametaja msalaba: hostia, kile kimkate cha Komunyo, ni ya ngano. Kanisa Katoliki lilieleza msimamo wake mwaka 2003, katika barua ya Kardinali Ratzinger, na mwaka 2017 Kardinali Robert Sarah wa Guinea akaukumbusha: hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, yenye gluteni kidogo inafaa, na mlei asiyeweza kupokea mkate anaweza kupokea divai peke yake. Nilizungumza na paroko, akanielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Wako waamini wanaoacha kukomunika kimyakimya kwa kutojua kwamba jambo hili lina jibu.

Siku hizi baadhi ya maduka makubwa mjini yanauza biskuti na tambi zilizoandikwa kuwa hazina gluteni, kutoka ng'ambo. Maandishi hayo yana maana: kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka gluteni isizidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Sina ugomvi nazo, ila kwa bei ya pakiti moja mtu hununua sado ya uwele akabakiwa na chenji ya karanga, na sioni sababu ya kumfanya mgonjwa wa Nkuhungu aamini kwamba afya yake inategemea bidhaa za kupanda ndege. Tunachohitaji ni andiko la namna hiyo kwenye unga wetu. Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, lingeweza kuanza na unga wa lishe tu: kila mfuko utaje nafaka zilizomo, na ngano iandikwe kwa herufi zinazoonekana. Na mwenye mtaji wa mashine anayetafuta biashara, afunge moja isiyopokea ngano kabisa, anunue uwele kwa wakulima wa Chamwino na Kongwa, aandike hivyo kwenye mfuko. Bei ikizidi kidogo ya kawaida, mimi nitanunua, na najua wengine ambao hawatabisha.