Walipwe wanaoushika mto kule juu

Mvua za Mei zinapokaribia, sisi wa Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, huanza kuusikiliza mto. Tuna sababu. Mei 2013 mto wetu, Nyamwamba, ulishuka na mawe, magogo na matope, ukaua watu na kuzoa nyumba za Kilembe. Mei 2020 ukarudi, ukaivamia hospitali ya Kilembe hadi wagonjwa wakahamishwa, na familia zilizopoteza makazi zikaishia kambini Muhokya, ambako nyingine zimekaa miaka. Baada ya kila gharika huletwa matingatinga kuchimbua mawe. Mawe hurundikwa ukingoni, mto unapumua kidogo, kisha mvua kubwa inayofuata inayarudisha palepale.

Siyapingi matingatinga. Mto ukishajaa mawe hadi usawa wa nyumba, lazima yatolewe. Ninachopinga ni kuishia hapo, mwaka nenda mwaka rudi, huku miteremko iliyo kati ya mji na Hifadhi ya Milima ya Rwenzori ikiachwa ijitafutie dawa yenyewe.

Tazama umbo la bonde lenyewe. Rwenzori ina kilele cha mita 5,109. Ziwa George, ambako Nyamwamba unamwaga maji yake, liko chini ya mita 1,000, na kati ya mlima na ziwa ni mwendo mfupi mno kwa mto. Maji yanayoteremka hivyo hayahitaji mengi ili yageuke balaa. Ndani ya hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1991, msitu bado unayapunguza kasi. Nje ya mpaka ni mashamba ya mihogo, maharage, ndizi na kahawa, yaliyogawanywa baba kwa mwana hadi vikawa vipande vyembamba kwenye mwinuko ambao hata mbuzi anapanda kwa tahadhari. Mvua ikikuta udongo mtupu hapo, saa chache baadaye udongo huo uko kwetu.

Na haushuki peke yake. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulizalisha kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mabaki yake yamelundikana karibu na mto. Kila mafuriko yanapokula lundo, masalia ya madini yanaingia kwenye maji ambayo watu wanachota, kisha yanaelekea ziwani kwa wavuvi. Hilo peke yake lingetosha kutukosesha usingizi.

Dawa inayofanya kazi naijua kwa kuiona. Inaitwa fanya juu, na kifaa chake kikubwa ni miti mitatu iliyofungwa kwa mfano wa herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Kamba ikipita kwenye alama iliyo katikati ya mti wa kulala, basi miguu miwili ya fremu iko usawa mmoja. Unapigilia kigingi, unazungusha fremu, unapigilia kingine, hadi mstari wa vigingi unaukata mteremko bila kupanda wala kushuka. Kisha mtaro unachimbwa kuufuata mstari huo, na udongo unatupwa upande wa juu kufanya tuta. Juu ya tuta wanapanda majani ya nepia, na mizizi yake inalishika. Mvua ikinyesha, maji yanasimama mtaroni na kuzama taratibu. Msimu baada ya msimu udongo unajaa nyuma ya tuta, na shamba lililokuwa limeinama linaanza kulala.

Ila kazi hiyo ni ya jembe na mgongo, wiki kwa wiki, na kila mtaro unakula kipande cha shamba ambacho hakikuwa kikubwa. Mama mmoja wa kule juu, anayefanya kazi hii kwa zamu na wenzake wa kikundi, alinieleza hesabu yake. "Mwanangu, maharage yangu yanabaki shambani, nashukuru. Lakini anayelala salama ni nyinyi wa chini. Mnatuletea nini?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sijalisikia kwa kiongozi yeyote.

Tunachowaletea mara nyingi ni miche. Shirika linakuja na gari, miche ya mikalitusi inagawanywa, picha zinapigwa, hotuba zinatolewa, watu wanaondoka. Nani atapalilia? Nani atafukuza mbuzi kiangazi? Mti unaopona ni ule wenye mwenyewe: mringaringa katikati ya kahawa, mianzi ukingoni ambayo mtu anajua ataikata na kuiuza. Na mikalitusi kando ya mto, jamani, hapana. Inakunywa maji kupita kiasi.

Sheria tunayo. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka mita 30 za ukingo ziachwe bila kulimwa, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa. Katiba, ibara ya 237, inaiweka mito chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Lakini mwenye robo eka akiambiwa aache mita 30, atakula wapi? Kumfukuza bila kumpa kitu ni kumsukuma apande juu zaidi, kwenye mwinuko mkali zaidi.

Kwa hiyo nasema walipwe. Si jambo geni nchini mwetu. Hifadhi za taifa hutoa asilimia 20 ya viingilio vya getini kwa jamii zinazopakana nazo. Mitambo ya umeme wa maji katika wilaya hii inategemea mito inayoshuka Rwenzori, na sheria ya umeme inazitambua wilaya kupata mrabaha kutokana na uzalishaji huo. Sehemu ya fedha hizo ipande mlimani. Ilipwe kwa kikundi, kwa kila mita ya mtaro uliochimbwa, nusu kazi inapokamilika na nusu baada ya mvua za msimu wa pili, wakaguzi wakikuta tuta bado limesimama. Mwenyekiti wa kijiji atie saini, na orodha ibandikwe hadharani kanisani, msikitini na sokoni, kila mtu aione. Waheshimiwa madiwani, bajeti ijayo ikisomwa, nitakuwa ukumbini kuutafuta mstari huo.