Tumbo likitoboka: dripu kwanza au kisu?

Mtu mwenye vidonda vya tumbo, au aliyezoea kumeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo, anashikwa ghafla na maumivu makali kwenye chembe cha moyo. Tumbo linakaza kama ubao, hataki hata kujigeuza. Daktari akisema kidonda kimetoboa, kikao cha ndugu kinaanza: mpeni dripu kwanza, kaka mkubwa yuko njiani kutoka Dar. Daktari anayesisitiza upasuaji usiku huohuo huonekana ana haraka ya kisu. Nadhani anaonewa.

Wanaotaka kusubiri wana hoja. Utando wa mafuta uliomo tumboni unaweza kujibandika wenyewe kwenye tundu dogo na kuliziba; Roscoe Graham, mwaka 1937, alieleza namna ya kuziba tundu kwa kutumia utando huohuo. Katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 1989, kati ya wagonjwa 83, 40 walianza na mpira wa puani wa kunyonya majimaji ya tumbo, dripu na antibiotiki bila kupasuliwa; wengine walipasuliwa moja kwa moja. Baada ya saa 12, wagonjwa 11 kati ya hao 40 hawakuwa na nafuu, wakapelekwa kupasuliwa. Vifo vya makundi yote mawili vilikaribiana.

Ila hao 11 walikuwa tayari ndani ya hospitali yenye madaktari wa upasuaji. Aliyelazwa zahanati ya huko Rombo, Kilimanjaro, akangoja saa hizohizo 12, ndipo itafutwe gari la kumshusha Mawenzi au KCMC, hospitali kubwa za Moshi, hajapata tiba ya Hong Kong. Amechelewa tu.

Na kuchelewa kumepimwa. Wadenmark walifuatilia wagonjwa zaidi ya 2,600 na kuchapisha matokeo mwaka 2013: katika saa 24 za kwanza, kila saa iliyopita kabla ya upasuaji iliendana na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa asilimia 2.4, ukilinganisha na saa iliyotangulia. Asilimia 2.4 inasikika ndogo. Zidisha kwa kikao cha ndugu cha saa sita, karibu asilimia 14 ya uwezekano ule wa mwanzo imekwenda. Tena saa yao ilianza kuhesabiwa mgonjwa alipopokelewa hospitali. Ya kwetu ilishaanza kitandani nyumbani, kwenye dawa ya tumbo ya dukani na kwenye barabara ya mlimani, na hakuna aliyeihesabu.

Kibaya zaidi, ugonjwa huu hudanganya. Saa chache baada ya kutoboka, majimaji yanayojaa tumboni huizimua ile asidi na maumivu hupungua. Ndugu wanashukuru Mungu, kumbe usaha ndio unajikusanya. Eksirei nayo, ile ya kusimama inayotafuta hewa iliyovuja kwenye tundu na kukaa chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, hukosa kuionyesha kwa hadi robo ya wagonjwa. Picha safi haimtoi mtu hatarini ikiwa tumbo bado ni gumu.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni ya umri: mzee hatahimili kisu. Ni kweli, mzee mwenye presha na kisukari anaweza kufia mezani, na daktari mwaminifu atawaambia hivyo kabla ya sahihi. Lakini kulekule Hong Kong, waliozidi miaka 70 ndio walioelekea zaidi kushindwa na tiba ya dripu.