Bi Harusi Kaingia na Sumu ya Panya

Najua mmeshaisikia, ile ya muziki wangu kugoma harusini. Rafiki yangu fundi redio kaitupia kwenye kundi la mtaa huku Mwanga tangu Jumamosi usiku, na sauti yangu kaigiza. Kasema nilikuwa nimelewa. Sikulewa. Nilikuwa bahili, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Redio ya ule ukumbi wa harusi ni ya kale: haina tundu la flashi wala la waya wa simu, inameza CD tu. Wewe unayetaka kuniandikia habari za Bluetooth, kaa chini kwanza. Ijumaa usiku nachoma nyimbo za kuingilia maharusi, CD-R, zile za kuandikwa mara moja tu, zimeniishia, maduka yamefungwa. Kwenye droo imelala CD-RW moja, ile inayofutika, tumbo lake la kijivu cheusi. Nikaona si haba: nyimbo zinaingia dakika 80, harusi ikiisha naifuta, inarudi kazini. Kitu kinaandikwa na kufutwa hata mara 1000, ninunue kingine cha nini?

Jumamosi. MC kanguruma, "Ukumbi mzima tusimame!" Tukasimama. Mlango ukafunguka. Bi harusi, binti wa mjomba wangu, kainua mguu wa kulia kama tulivyofanya mazoezi. Nikabonyeza. CD ikazunguka. Ikakoroma kidogo. Ikasita. Ikazunguka tena. Kioo kikaandika: NO DISC.

Mguu uko hewani. Uacheni hapo hapo, niwaeleze.

CD-R ina tabaka la rangi. Leza inapoichoma, pameharibika moja kwa moja, hapafutiki. Ila kwingine kunang'aa, mwanga unarudi kama asilimia 65 au zaidi. CD-RW haina rangi, ina mchanganyiko wa fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Ukiuyeyusha ukapoa ghafla, fuwele zinapotea. Ukiupasha moto wa wastani, fuwele zinarudi, na huko ndiko kufuta. Ufundi mtupu! Lakini mwanga unaorudi ni asilimia 15 hadi 25 tu. Redio ya kale haikuumbwa kwa giza hilo, inaona hujaweka kitu. Na haya yote nawahubiria wateja kila siku, mimi huyu.

Mguu ukashuka.

Nikaitoa CD, nikaifuta kwa shati, kutoka katikati kwenda nje, taratibu, kitaalamu, huku nikijua fika haina hata vumbi. Shangazi akanisogelea. "Mwanangu, kuna nini?" Nikamjibu, "Inapata moto, shangazi."

Fundi akaruka na bodaboda, akaleta deki ya DVD kutoka kibandani kwake. Hiyo ina jicho la kusoma RW. Nikapumua. MC, "Tusimame tena!" Mlango. Mguu. Nikabonyeza.

"SUUUMU YA PANYA! Mende! Kunguni! Viroboto! Panya akila haagi!"

Sauti ni yangu.

Nilimrekodia muuza sumu mmoja anayezunguka na kipaza sauti Ujiji hadi Kibirizi, nikaijaribia kwenye RW hiyo hiyo. Ijumaa sikuifuta. Kufuta kwa haraka ni dakika moja au mbili, mimi nikaona usingizi. Programu ya kuchomea ikauliza kama niongeze sesheni ya pili, yaani fungu jingine nyuma ya lililopo, nikakubali. Na deki nyingi zikipewa CD ya muziki zinasoma sesheni ya kwanza tu. Nyimbo za harusi zilikuwemo, salama kabisa, nyuma ya panya.

Bi harusi, Mungu ambariki, hakusimama. "Mende", mguu wa kulia. "Kunguni", mguu wa kushoto. Wapambe nyuma wakafuata mdundo. Mkono wangu ukatafuta kitufe cha kuzima, ukakipata cha kurudia. Ikasikika upya tangu panya, mpaka namba ya simu ya muuzaji, tarakimu moja moja, na mzee mmoja meza ya mbele akatoa kalamu.

Fundi akachomoa waya. Akina mama wakashika wimbo kwa midomo na vigelegele, maharusi wakaketi, ubwabwa ukaliwa. Mimi nilikula nyuma ya masufuria.

Jana muuza sumu kaja dukani anacheka. Wageni wanne wa harusini wamempigia, anataka nakala mbili za tangazo. Nimemchomea kwenye CD-R, na nimezifunga zisiongezwe kitu.