Deni la Mashujaa wa Homer

Mazoea ya kuwasoma mashujaa wa tenzi za kale za Kigiriki ni kuchora safu mbili, moja ya sifa na nyingine ya kasoro. Achilles ni hodari lakini ana hasira, Odysseus ni mwerevu lakini ana majivuno, Hector anaipenda familia yake lakini hasikii ushauri. Safu hizo hazina uongo, ila zinaacha nje jambo ambalo Homer, mshairi wa tenzi hizo, mwenyewe analitanguliza. Iliad, utenzi wa vita vya Wagiriki dhidi ya mji wa Troy, inapoanza, mshairi anaitaja hasira ya Achilles na, kabla hata hajaeleza chanzo chake, anatuambia kwamba iliwaletea Waakea, yaani Wagiriki, mateso yasiyohesabika, ikazipeleka kuzimu roho nyingi za mashujaa na kuwaacha mbwa na ndege wajilie miili yao. Hasira ni ya mtu mmoja, na maiti ni za wengine. Kwa maoni yangu, kasoro ya shujaa katika tenzi hizi haipimiki mpaka tuulize ni nani aliyeilipa.

Ugomvi wenyewe ulianza kwa haki. Agamemnon, mkuu wa jeshi, anamfukuza kwa vitisho kuhani wa mungu Apollo aliyekuja kumkomboa binti yake. Apollo analipiga jeshi kwa tauni kwa siku 9, na Achilles ndiye anayeitisha baraza na kumhakikishia mtabiri Calchas ulinzi ili aseme kweli bila kumwogopa mkubwa yeyote. Hiyo, kuliko mbio zake na mkuki wake, ndiyo sifa yake kubwa. Agamemnon anaponuia kumnyang'anya Briseis, mwanamke aliyekuwa mateka wake, ili afidie hasara aliyojitakia mwenyewe ya kumrudisha binti wa kuhani, msomaji anasimama upande wa Achilles, na ana sababu ya kusimama hapo. Lakini tazama anachokiomba baadaye. Anamtuma mama yake, Thetis, amsihi Zeus, mkuu wa miungu, awasaidie watu wa Troy, Waakea wabanwe hadi kwenye merikebu zao na kuuawa, ndipo Agamemnon atambue kosa lake. Mkosaji ni mmoja, na adhabu inaombwa iwaangukie hata wale wale ambao Achilles aliwahangaikia walipokuwa wakifa kwa tauni.

Katika kitabu cha 9 wajumbe wanamletea orodha ndefu ya fidia: talanta 10 za dhahabu, farasi 12, miji 7, na Briseis mwenyewe. Anakataa, na hoja zake ni nzito. Anauliza kama wana wa Atreus, yaani Agamemnon na ndugu yake Menelaus, ndio wanaume pekee duniani wanaowapenda wake zao. Kati ya waliomjia, anayenigusa zaidi ni Ajax, ambaye hana ufasaha wa Odysseus, anasema maneno machache tu kwamba mwenzao hajali mapenzi ya rafiki waliomheshimu kuliko wengine wote. Achilles anakiri kwamba Ajax amesema karibu yote yaliyo moyoni mwake, kisha anabaki pale pale alipo. Gharama ya kubaki huko inalipwa na Patroclus, rafiki yake mpenzi anayeingia vitani badala yake na kuuawa na Hector, mtu ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote kambini. Hapo ndipo, katika kitabu cha 18, Achilles anapotamka kwamba amekaa kando ya merikebu akiwa mzigo usio na faida juu ya ardhi, asiyemfaa Patroclus wala wenzake wengine walioangushwa na Hector. (Agamemnon, katika kitabu cha 19, anasimama mbele ya jeshi na kusema kwamba mwenye kosa si yeye, ni Zeus na Majaliwa. Fidia anaitoa, lakini kauli hizo mbili haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja.)

Hector, shujaa mkuu wa Troy, ndiye mgumu zaidi kumhukumu. Katika kitabu cha 6 mkewe, Andromache, anamwambia waziwazi kwamba nguvu zake zitamwangamiza, na wala haishii kulia: anamshauri aliweke jeshi karibu na mtini, mahali ambapo ukuta wa mji ni rahisi kupandwa. Hector anajibu kwamba angeona haya mbele ya wanaume na wanawake wa Troy kama angejitenga na vita. Anajua kwamba Troy itaanguka. Anamwona tayari mkewe akichukuliwa mateka, akifuma nguo na kuteka maji kwa amri ya mwanamke mwingine. Anapomnyooshea mikono mtoto wao, mtoto analia kwa kuliogopa shungi la manyoya ya farasi juu ya chapeo, na wazazi wote wawili wanacheka. Sijui mandhari nyingine ya utenzi huu ambamo sifa ya shujaa inapendeza kiasi hicho huku maafa yake yakiwa yameshatajwa kwa jina.

Haya hiyo hiyo ndiyo inayomfanya awe ngome ya mji, na ndiyo inayouvunja. Achilles anaporudi vitani, Polydamas, mwenzake Hector, anashauri jeshi lirudi ndani ya kuta usiku ule ule. Hector anakataa, anashangiliwa, na kesho yake wengi wanachinjwa. Katika kitabu cha 22 anasimama nje ya lango peke yake. Baba yake anamsihi kutoka ukutani aingie ndani ili awaokoe watu wa Troy, mama yake anamlilia, naye anajisemea moyoni kwamba amewaangamiza watu wake kwa ujeuri, na kwamba Polydamas atakuwa wa kwanza kumsuta akiingia. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Namna anayoichagua ya kulipa ndiyo ninayoilaumu, kwa maana wadai wake walikuwa pale juu wakimwomba uhai wake, naye akawapa kifo chake. Hata hicho hakukipokea kwa utulivu: alikimbia kuuzunguka mji mara tatu kabla ya kusimama, na simwoni duni kwa hilo.

Kwa Odysseus nalazimika kumpinga mshairi. Odyssey, utenzi wa safari yake ya kurudi nyumbani, inaanza kwa kutuambia kwamba wenzake waliangamia kwa upumbavu wao wenyewe, kwa sababu walikula ng'ombe wa mungu Jua. Ni kweli kwa wale waliokuwa wamebaki katika merikebu moja. Lakini aliondoka Troy na merikebu 12, na 11 ziliangamizwa na majitu ya Laestrygones ndani ya bandari ambamo yeye, kwa tahadhari, hakuingiza ya kwake. Kabla ya hapo, katika pango la Polyphemus, jitu lenye jicho moja, watu wake walimsihi wachukue jibini waondoke. Yeye akataka amwone mwenye pango na kupata zawadi za ugeni, na watu 6 wakaliwa. Ndani ya pango uvumilivu wake unastaajabisha, kwani alizuia upanga wake usimuue jitu lililolala, akijua hakuna mwingine awezaye kulisukuma jiwe la mlangoni. Alipofika baharini uvumilivu huo ulimwishia. Akapaza sauti na kujitaja kwa jina, ingawa wenzake walimzuia, na jina hilo ndilo Polyphemus alilolipeleka kwa baba yake Poseidon, mungu wa bahari, katika dua ya kumlaani.

Homer hakuificha lawama hii. Eurylochus, mmoja wa watu wa Odysseus, anaitamka mbele ya wenzake, na Odysseus anawaza kumkata kichwa ingawa ni jamaa yake. Mwishoni, katika kitabu cha 24, Eupeithes anasimama mbele ya watu wa Ithaca, kisiwa cha Odysseus, na kusema kwamba mtu huyu alipoteza merikebu na watu, kisha amerudi na kuwaua vijana bora waliosalia. Eupeithes si shahidi safi, kwa kuwa ni baba wa Antinous, kinara wa wachumba waliomtaka mke wa Odysseus huku wakiila mali yake, na mzee Halitherses anamjibu vyema kuhusu wana ambao baba zao hawakuwaonya. Kuhusu merikebu, hata hivyo, hakuna anayemjibu. Laertes, baba yake Odysseus, anamuua Eupeithes kwa mkuki, na Zeus anaamua kwamba wafiwa wasahaulishwe vifo vya wana na ndugu zao ili amani ipatikane.