Mfungwa wa Dragsholm na deni la Anna

Ukifika leo kwenye kasri la Dragsholm, kisiwani Sjælland huko Denmark, utapewa chumba na chakula kizuri, kisha utasimuliwa mizuka. Unaovuma zaidi ni mzuka wa James Hepburn, bwana wa Bothwell, mume wa tatu wa Malkia Mary wa Uskoti. Mizuka nawaachia wenye hoteli. Kinachonishangaza ni namna watu wanavyomlilia mtu huyu, kana kwamba alionewa tu.

Februari 1567 mume wa Mary, Lord Darnley, aliuawa Edinburgh. Vidole vikamwelekea Bothwell. Aprili akashtakiwa, akaachiwa. Mei akamwoa mjane. Mwezi mmoja baadaye makabaila wa Uskoti wakawashinda. Bwana harusi akakimbilia visiwa vya Orkney, kisha Shetland, hatimaye akatokea pwani ya Norway, iliyokuwa chini ya mfalme wa Denmark, bila hati za safari.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Alipelekwa Bergen, na Bergen ndiko walikokuwa watu wa Anna Throndsen. Binti huyu wa ukoo mkubwa Bothwell alikuwa amemposa miaka ya nyuma, kisha akamtelekeza. Na mkuu wa ngome ya Bergen, Erik Rosenkrantz, alikuwa jamaa yake Anna! Anna akamshtaki akidai mali yake, Bothwell akajinasua kwa kumwachia merikebu moja. Lakini hakuachiwa aende zake, maana ilishajulikana kwamba kwao anatafutwa.

Mfalme Frederick II akaona amepata turufu. Waskoti walimtaka, Uingereza nayo ilimtaka, yeye akakataa kumtoa. Kwanza alimweka Malmö, mji uliokuwa bado wa Denmark, kwa heshima ya kibwana. Mwaka 1573, turufu ikiwa imechakaa, akampeleka Dragsholm: ngome ya maaskofu wa Roskilde tangu karne ya 13, ambayo Taji la Denmark liliichukua wakati wa Matengenezo ya Kilutheri, nchi ilipoacha Ukatoliki, na kuifanya jela ya wakubwa. Hata Joachim Rønnow, askofu wa mwisho wa Kikatoliki wa Roskilde, alifungwa humo, kwenye nyumba iliyokuwa yake. Bothwell alifia huko Aprili 1578.

Nisichokubali ni kilichofuata. Maiti iliyokauka, inayosemekana kuwa yake, ilikaa miaka mingi chini ya kioo katika kanisa la Fårevejle, wageni wakija kuitazama kama samaki sokoni. Hata mdaiwa wa Anna alistahili kufunikwa. Huyo Anna mwenyewe hotelini sijaona akisimuliwa.